Ndiyo ya mfungwa ina uzito gani? Kwanini utafiti wa jamii ndani ya gereza ni mgumu kuliko tunavyodhani

Kuna siku nilikaa kwenye benchi chini ya mwembe ndani ya gereza moja la mikoani, mkononi nina dodoso la kurasa nane, mbele yangu kijana wa miaka ishirini na kitu hivi amevaa sare ya wafungwa. Nilikuwa msaidizi tu wa utafiti, kazi yangu kuuliza na kuandika. Nikamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno kama tulivyofundishwa kwenye semina, kwamba kushiriki ni hiari, unaweza kukataa, unaweza kuacha katikati, na ukikataa hakuna atakayekufanya chochote. Nilipomaliza akaangalia kule mlangoni alikosimama askari aliyemleta, alafu akanijibu, "Ndiyo afande." Umeelewa? "Ndiyo afande." Una swali? "Hapana afande." Nikaweka tiki pale kwenye amekubali. Usiku niko gesti nimejilaza ndo nikaanza kujiuliza, hivi yule kijana kanikubalia mimi au kamkubalia askari wa mlangoni, na mbona mimi mwenyewe kaniita afande wakati nilikuwa nimevaa shati langu la kitenge tu?

Watu wengi wakisikia utafiti gerezani wanafikiria ugumu wake ni kuingia. Kuingia ni kugumu kweli na ntaeleza, ila geti mwisho wa siku linafunguka. Kinachobaki kimefungwa hata baada ya wewe kuingia ni hiyo ndiyo. Kila jibu la mfungwa linapita kwanza kwenye hesabu ya kichwani mwake: huyu ni nani, katumwa na nani, nikisema hivi litanifikia nini kesho. Ukishaelewa hilo, matatizo mengine yote ya utafiti wa magereza utaona yanatokana na hapo hapo.

Tuanze na geti basi. Tanzania, mtafiti wa kutoka nje anapitia COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, kama utafiti unagusa afya kuna NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapitie mambo ya maadili, mwanafunzi anaandikiwa barua na chuo chake, alafu makaratasi yote yanakwenda makao makuu ya Jeshi la Magereza Dodoma, na huko wakiridhia inatoka barua nyingine kwenda kwa mkuu wa gereza husika. Kenya unaanza na kamati ya maadili, unachukua leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia iliyowekwa na sheria ya 2013, alafu unaelekea Magereza House, makao makuu ya magereza pale Nairobi. Zanzibar hata jina ni lingine, jela wanaziita Vyuo vya Mafunzo na zina uongozi wake, kwahiyo barua ya bara haikufikishi gereza la Kilimani kule Unguja. Sasa chukua mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye muda wake wa kukusanya data ni miezi mitatu, kibali kikikaa mezani miezi mitano yeye ameshabadilisha mada. Mada nyingi nzuri za magereza zimekufa hivyo, hazikukataliwa na mtu, zilisubiri mpaka ada ya chuo ikaisha.

Na kibali kikitoka bado hujaingia na vitu vyako. Simu inabaki getini, kamera usiitaje, na rekoda ya sauti mara nyingi hairuhusiwi hata kama iliandikwa kwenye barua, maana wa getini anasema hana maelekezo. Kwahiyo unaandika kwa mkono. Mtu anaongea dakika arobaini, kwa kasi, kwa lugha yake ya mle ndani, wewe unakimbizana na kalamu, na ukifika gesti unagundua umeandika maneno yako wewe na yake yameanguka njiani. Kwa utafiti wa jamii hilo ni pigo kubwa kwasababu namna mtu alivyosema jambo ndo data yenyewe.

Nisiwaonee askari lakini. Wana sababu. Mkuu wa gereza akipoteza mfungwa mmoja au simu moja ikaingia bwenini, anayeulizwa ni yeye, mtafiti atakuwa ameshapanda basi. Wameshaona pia watu wakiingia na barua ya utafiti alafu wiki ijayo gazetini kuna kichwa cha habari. Na askari wenyewe ni watu wanaokaa humo siku nzima, wengine wanaishi kwenye kota za gereza na familia zao, wamechoka, na wakimwona mtu na dodoso wanaona ukaguzi umekuja. Nimewahi kukaa na askari mmoja kijana aliyeniambia, "Nyie mnakuja kuuliza wafungwa wanaishije, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi." Alikuwa na haki. Tafiti nyingi zinamchukulia askari kama sehemu ya ukuta, wakati mle ndani huwezi kuelewa maisha ya mfungwa bila kuelewa zamu ya askari, hofu yake kwa bosi wake, na nani anakopeshana na nani.

Uingereza nao waliyapitia haya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasosholojia Stanley Cohen na Laurie Taylor walikuwa wanafundisha darasa la sosholojia kwa wafungwa wa vifungo virefu kwenye wingi ya ulinzi mkali ya gereza la Durham, na humo darasani ndo utafiti wao ukazaliwa, wakiangalia mtu anaishije kichwani mwake akijua ana miaka ishirini mbele. Waliingia kama walimu, wakaaminiwa kama walimu, wafungwa wakawa wanajadili nao matokeo. Walipotaka kufanya utafiti mkubwa zaidi kwa njia rasmi ndo wakakutana na masharti na vizuizi vya wizara mpaka mpango ukavunjika. Mlango wa pembeni uliwapa maneno ya kweli, mlango wa mbele ukawapa fomu.

Sasa kwanini fomu zimekuwa nyingi hivi? Zina historia, na historia yenyewe inauma. Kwenye Vita ya Pili ya Dunia, kule Marekani gereza la Stateville jimboni Illinois, wafungwa zaidi ya 400 waliambukizwa malaria makusudi ili kujaribu dawa, wakaambiwa ni mchango wao kwa taifa, na wengi wakapunguziwa vifungo baadae. Madaktari wa Kinazi waliposhtakiwa Nuremberg, Ujerumani, baada ya vita, mawakili wao walisimama mahakamani wakawataja hao hao wafungwa wa Marekani, kwamba mbona na nyie mnafanya. Alafu kuna gereza la Holmesburg, Philadelphia. Kuanzia 1951 mpaka 1974 daktari wa ngozi Albert Kligman wa chuo kikuu cha Pennsylvania aliwafanyia wafungwa majaribio ya vipodozi, dawa, hata sumu ya daioksini, akilipwa na kampuni mbalimbali na wafungwa wakipewa vijidola vichache. Wengi wao walikuwa weusi, na wengi walikuwa mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa ila hawana hela ya dhamana, wakiuza ngozi yao ili wapate hiyo hela ya kutoka. Chuo kiliomba radhi 2021, jiji likaomba radhi 2022. Nusu karne baadae.

Kila mmoja wa watu wale alisaini. Hakuna aliyeburutwa. Wote walisema ndiyo.

Kutokana na hayo Marekani ikatunga mwaka 1978 kanuni maalumu za utafiti kwa wafungwa, na zina vipengele viwili ambavyo mimi naviheshimu sana. Cha kwanza, kamati ya maadili inayopitia utafiti wa gerezani lazima iwe na mfungwa ndani yake au mtu wa kuwawakilisha mwenye uzoefu unaofaa. Cha pili, bodi ya parole isihesabu kushiriki kwa mfungwa inapoamua kumwachia, na yeye aambiwe hivyo waziwazi kabla hajakubali. Kuna na kingine kinasema faida za kushiriki zisiwe kubwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kupima hatari, ukilinganisha na maisha ya mle gerezani. Na Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 nazo zinagusa utafiti wa afya, zikitaka ridhaa huru na faida ya moja kwa moja kwa afya ya mfungwa.

Utasema hayo ni ya watu wa sindano, sisi wa dodoso tunahusikaje. Tunahusika. Chukua hiyo ya faida zisiwe kubwa. Mtaani ukimhoji mtu ukimpa soda na nauli hakuna kesi. Gerezani kipande cha sabuni ni pesa. Kwa sabuni mtu anafua, ananyoa, anabadilishana na sukari, analipa deni. Tulikaa kikao kizima kubishana kuhusu mche wa sabuni. Ukitoa, je mtu amekubali kwa hiari au amekubali kwa sabuni? Usipotoa, umemchukulia mtu saa nzima na siri zake alafu unaondoka unakwenda kupata shahada kwa jasho lake, hiyo nayo ni haki? Mwisho tukaamua sabuni ziende kwa bweni zima, walioshiriki na wasioshiriki, tukadhani tumemaliza. Kumbe nje ya bweni letu kuna bweni lingine ambalo hatukulichagua, na wale wakaanza kuwauliza wenzao mmesema nini mpaka mmepewa sabuni.

Alafu kuna msamaha. Hapa kwetu Rais hutoa msamaha kwa wafungwa kwenye sherehe za kitaifa, Muungano Aprili 26, Uhuru Desemba 9. Kila mfungwa anazijua hizo tarehe kuliko siku yake ya kuzaliwa. Sasa wewe jitokeze mwezi wa kumi na moja, umevaa vizuri, una karatasi zenye nembo, unamuuliza mtu umekaa miaka mingapi, umejifunza nini, ukitoka utafanya nini. Unategemea akwambie nini? Atakwambia ameokoka, amejifunza useremala, hana kinyongo na mtu. Inawezekana yote ni kweli. Lakini hujui, na huna namna ya kujua, maana umekaa kwenye kiti ambacho machoni pake ni kiti cha bodi. Tulikuwa tunaeleza mara tatu mara nne kwamba sisi hatuhusiki na msamaha wala parole, na bado mwisho wa mahojiano mtu anakuuliza kwa sauti ya chini, "kwahiyo mwalimu, jina langu utalifikisha?" Hilo swali lilinikata maini kila lilipokuja, na lilikuja karibu kila siku.

Turudi kwa nani anakuletea huyo mtu wa kumhoji. Kwenye vitabu vya mbinu za utafiti imeandikwa chagua sampuli kwa bahati nasibu. Gerezani wanaochaguliwa kwa kawaida wanachaguliwa na wengine kabla hujafika. Afande anamwambia nyapara niletee watu kumi, nyapara analeta kumi anaowataka yeye. Neno hili nyapara ni la zamani, enzi za misafara ya pembe na wapagazi mnyampara ndo alikuwa kiongozi wa kundi njiani, na mpaka leo gerezani ni mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wafungwa wenzake, anagawa chakula, anapanga nani alale wapi, anajua kila kinachoendelea. Rwanda wanaye pia, wanamwita kapita. Kwahiyo watu wako kumi watakuwa wanaojua kujieleza, wa kwaya, wa darasa la ufundi, wenye uhusiano mzuri na nyapara. Aliye selo ya adhabu hutamwona. Mgonjwa hutamwona. Asiyejua Kiswahili vizuri, ambaye labda ni mhamiaji wa Ethiopia aliyekamatwa akipita kwenda kusini, hutamwona. Na yule anayeonewa na nyapara mwenyewe ndo kabisa.

Ukisema basi nipeni daftari nichague majina mwenyewe, unapata tatizo jingine. Ukimwita mtu kwa jina kutoka kwenye daftari bweni zima linajiuliza kwanini fulani kaitwa peke yake, kwanini kakaa saa nzima na mgeni, katoa nini. Gerezani kuitwa pembeni bila sababu inayojulikana ni hatari, unaweza kuonekana mmbea wa maafande. Wakati mwingine ilibidi tuhoji watu wengi zaidi ya tuliowahitaji ili kuitwa kuonekane ni jambo la kawaida tu. Na mahabusu nao ni habari nyingine, leo yupo, keshokutwa kapelekwa mahakamani na karandinga kwasababu kesi inatajwa na kuahirishwa kila siku 14, wiki ijayo kapata dhamana, au kahamishiwa gereza la mbali. Utafiti unaotaka kumfuata mtu huyo huyo mwaka mzima unamwaga nusu ya watu wake njiani, na hujui waliopotea wanafananaje na waliobaki.

Hata maswali yenyewe yana shida. Madodoso mengi ya afya ya akili yametungwa kwa watu walio huru. Yanauliza je umepoteza hamu ya kufanya vitu ulivyokuwa unavipenda, je unapata shida kutimiza majukumu yako ya kila siku, unamuuliza hivyo mtu ambaye kuoga kwake kunapangwa na mtu mwingine. Mzee mmoja wa kifungo cha maisha nilimsomea swali la matumaini ya siku zijazo, akakaa kimya, alafu akaniuliza taratibu, "Unamaanisha siku zijazo za humu au za huko?" Kwenye dodoso hakukuwa na kisanduku cha kuandika hilo.

Sasa usiri, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye hatari kubwa kuliko pote.

Fomu inasema majibu yako ni siri. Je ni siri kweli? Wakili ana kinga ya kisheria kwa anayoambiwa na mteja wake. Mtafiti kwa kawaida hana. Mwaka 1993 kule jimbo la Washington, Marekani, Rik Scarce, mwanafunzi wa udaktari wa sosholojia aliyekuwa akitafiti wanaharakati wa haki za wanyama, aliitwa kutoa ushahidi kuhusu watu aliowahoji, akakataa kwasababu aliwaahidi siri, akawekwa ndani siku 159. Yeye alikuwa tayari kulala jela kwa ahadi yake. Jiulize mtafiti msaidizi wa mkataba wa miezi miwili yuko tayari kwa hilo? Na vipi yale mahojiano ya Boston College, chuo cha Marekani, na waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, waliambiwa kanda hazitatoka mpaka wafe, alafu kuanzia 2011 polisi wa kule wakazidai kupitia mahakama za Marekani na baadhi zikatolewa kweli.

Kwa mahabusu hili ni moto. Kesi yake haijaisha. Ukimuuliza ilikuwaje ukafika hapa, unamwomba ajitie hatiani kwenye karatasi yako. Sisi tulizuiwa kabisa kuuliza mahabusu habari za kosa, na mtu akianza kueleza mwenyewe tulitakiwa kumkatisha, jambo ambalo ni gumu ajabu kwasababu mtu aliyekaa miaka minne anasubiri hukumu anachotaka kuongelea ni hicho tu.

Alafu kuna maswali ambayo jibu lake ni kosa jipya. Watafiti wa ukimwi wanahitaji kujua kuhusu ngono na dawa za kulevya magerezani, haina ubishi, maana afya ya mle inatoka nje siku mtu anapoachiwa, inakwenda kwa mke na watoto. Lakini kanuni ya adhabu ya Tanzania kifungu cha 154 na ya Kenya kifungu cha 162 zinafanya ngono ya wanaume kwa wanaume kuwa jinai yenye kifungo kirefu. Kwahiyo unapomuuliza mfungwa, unamwomba akiri kosa akiwa tayari yuko mikononi mwa serikali. Na kama alilazimishwa, ambayo ni kubakwa, unamwomba ataje jambo ambalo mwenye kulitenda analala mita mbili kutoka kwake. Mimi saa kumi natoka, wao wameshapigwa hesabu na kufungiwa, yeye anabaki humo na jibu lake. Ndo maana nikiona ripoti inasema asilimia ndogo tu ya wafungwa wamekiri jambo fulani, najua nimesoma kipimo cha hofu yao, kiwango cha jambo lenyewe bado hakijulikani.

Mfano wa mtafiti aliyelifikiria hili vizuri uko Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 magereza yalijaa zaidi ya watu laki moja. Mwaka 2002 Scott Straus, msomi wa siasa kutoka Marekani, alihoji wafungwa 210 kwenye magereza ya nchi nzima, akitaka kuelewa mtu wa kawaida aliingiaje kwenye kuua. Tatizo lake lilikuwa wazi: wakati ule mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijamii ya kusikiliza kesi za mauaji yale, ndo zinaanza, na sheria ilimpa nafuu ya adhabu aliyekiri, kwahiyo kila neno la mfungwa lilikuwa na bei. Alichofanya, akajikita kwa walioshakiri na kuhukumiwa tayari, ambao kesi zao zimekwisha na hawana kikubwa cha kupata kwa kudanganya, na akawachagua kwa bahati nasibu badala ya kuletewa. Haiondoi uongo wote. Mtu anayekiri mbele ya wenzake kwa miaka hadithi yake inakuwa imeshanyooka, ameshaisimulia mara nyingi mpaka yeye mwenyewe anaiamini. Ila angalau unajua hadithi inavuta upande gani, na hiyo ni tofauti kubwa na kuchukua kila ndiyo kama ilivyo.

Wengine wameukwepa ukuta kabisa. Ufaransa mwaka 1971 mwanafalsafa Michel Foucault na wenzake walianzisha kikundi cha kukusanya habari za magereza. Hawakupewa ruhusa ya kuingia, basi wakaenda kwenye foleni za ndugu waliokuja kutembelea wafungwa, pale nje ya gereza la La Santé jijini Paris, wakagawa madodoso, ndugu wakayaingiza kwa siri na majibu yakatoka kwa siri. Majibu yalikuwa makali, chakula, kipigo, baridi, barua kusomwa. Lakini fikiria mama aliyeingiza lile karatasi kwenye nguo, na mfungwa aliyekutwa nalo. Ukweli ulipatikana, na hatari walibebeshwa wao. Kwetu hapa njia ya karibu na hiyo ni kuwahoji waliotoka. Wanaongea kwa uhuru zaidi, hawana afande mlangoni. Ila wengi hawataki kukumbuka, jirani hajui alikuwa wapi, na ukimtafuta kupitia mtendaji wa mtaa umeshamwanika.

Na kuna waliojaribu kutengeneza jela ya bandia. Chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Agosti 1971, mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwachukua vijana wa chuo 24, akawagawa askari na wafungwa kwenye chumba cha chini cha jengo la chuo, ilikuwa iende wiki mbili ikasitishwa siku ya sita kwasababu askari wa bandia walishaanza kuwanyanyasa wenzao. Miaka mingi tumefundishwa kwamba inaonesha madaraka yanavyomharibu mtu. Baadae kanda na makaratasi ya mradi vilipochambuliwa ikaonekana askari wale walikuwa wanahimizwa wawe wakali zaidi. Yaani hata kwenye jela ya kuigiza, yenye malipo ya dola 15 kwa siku, watu walimpa mtafiti kile walichoona anakitaka. Gereza la kweli je?

Kuna jambo la mwisho ambalo vitabuni linapewa mistari miwili, kurudisha matokeo. Mtaani ukimaliza utafiti unaitisha mkutano kijijini. Gerezani ripoti inakwenda makao makuu na kabatini. Na hata kuiandika kuna mtego, ukiandika "mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyekuwa mwalimu" umeshamtaja, maana yuko mmoja tu gereza zima na kila askari anamjua. Tulifuta sifa nyingi hivyo mpaka baadhi ya watu kwenye ripoti wakabaki sauti tupu.

Sisi tulibahatika, mkuu wa gereza alikubali turudi miezi kumi baadae kusoma muhtasari. Karibu nusu ya tuliowahoji hawakuwepo, wametoka, wamehamishwa, mmoja amefariki. Yule kijana wa ndiyo afande hakuwepo na sikupata kujua kaelekea wapi. Tukasoma pale pale chini ya mwembe, askari wako pembeni, wafungwa wamekaa chini kwa mistari. Tulipofika sehemu ya maji, tuliyoandika kwamba wengi walisema yanatosha, mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema mlituuliza maji yanakuja mara ngapi kwa siku, tukawajibu mara mbili, ni kweli yanakuja mara mbili. Mngeuliza yakija anachota nani.

Watu wakacheka kidogo, alafu wakanyamaza wakiangalia walipokaa manyapara. Ile sehemu tuliiandika upya.